Wambuti wa Ituri katika Sarakasi ya London, 1905

Mgeni mkubwa anapofika katika nchi yetu ya Ituri, mara nyingi Wambuti huitwa waje kumchezea ngoma. Wakimaliza hupewa chumvi, pengine na kipande cha nguo, kisha hurudi msituni. Siku nyingine, mmoja wa wale waliowapigia makofi huwafuata kimyakimya kutafuta mizizi ya kumtibu mtoto anayeumwa tumbo. Uwanjani tunawatazama bila kuwauliza neno, na tukiugua tunawauliza bila kutaka kutazamwa na watu. Mwenendo huu una historia, na sehemu yake moja ilitokea mbali sana na hapa.

Mwaka wa 1900, Mjerumani mmoja mfanyabiashara wa maonyesho aliteka Wambuti kadhaa, akikusudia kuwapeleka Paris kwenye Maonyesho Makubwa ya mwaka ule. Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika Uganda, aliwatoa mikononi mwake, akawarudisha wenyewe upande wa Kongo. Walipokuwa pamoja naye aliwauliza juu ya mnyama wa msituni ambaye Wazungu walikuwa wamesikia uvumi wake tu, nao wakamweleza vizuri. Hivyo ndivyo okapi, ambaye leo picha yake imejaa kwenye nembo zetu, alivyoingia katika vitabu vya elimu mwaka wa 1901. Yaani walipoulizwa, walijibu.

Miaka mitano baadaye alikuja mwingine, James Harrison, tajiri mwenye ardhi huko Yorkshire na mwindaji wa wanyama wakubwa. Aliondoka Ituri na watu sita, wanaume wanne na wanawake wawili. Majina yao yaliandikwa hivi: Bokane, Matuka, Mogonga, Mafutiminga, Amuriape na Quarke. Sikio la Mswahili haliwezi kulipita jina la Mafutiminga bila kusikia ndani yake «mafuta mengi». Nadhani ni jina la utani, la namna ambayo wapagazi na wafanyabiashara wa njia zile walizoea kuwapa watu. Maafisa wa Kiingereza huko Misri walisita kuwaruhusu wapite, wakihofia kwamba baridi ya Ulaya ingewadhuru mapafu. Mwishowe waliruhusiwa, na Juni 1905 wakapanda jukwaani London.

Nyumba waliyochezea, Hippodrome, ilifunguliwa mwaka wa 1900. Ilikuwa nusu ukumbi wa michezo, nusu sarakasi: ilikuwa na uwanja wa duara kwa wanyama na wanasarakasi, na chini yake tangi kubwa la maji kwa michezo ya kuogelea na kupiga mbizi. Humo Wambuti waliimba na kucheza kama fungu moja la orodha ya jioni, kati ya viroja vingine. Walipelekwa pia kwenye jengo la Bunge, na katika jumba la mfalme la Buckingham. Kisha walizungushwa katika miji ya Uingereza kwa zaidi ya miaka miwili, na waliowatazama wanakadiriwa kupita milioni moja. Walipopumzika walikaa Brandesburton, kwenye shamba la Harrison. Tusisahau kwamba wakati huohuo magazeti ya nchi ile yalikuwa yakiandika juu ya mateso ya mpira katika Kongo ya Leopold, kwa kuwa taarifa ya Roger Casement ilikuwa imetoka mwaka wa 1904. Msomaji aliweza kuhuzunika kwa ajili ya Wakongo asubuhi, na jioni akalipa kiingilio kuwatazama.

Sasa, watu hao waliolipa kiingilio walijitibu kwa nini nyumbani kwao? Ni hapa ambapo historia hii inanishangaza zaidi. Daktari alikuwa ghali, kwa hiyo familia nyingi ziliishi kwa vidonge na maji ya chupa yaliyotangazwa magazetini na mitaani. Wengi wa wauzaji wake walikuwa watu wa jukwaa. Katika Uingereza ya miaka ya 1890 palikuwa na aliyejiita Sequah: alivaa kama mtu wa nyika za Marekani, akang'oa watu meno hadharani huku bendi yake ikipiga kwa nguvu, kisha akauza mafuta ya kuchua viungo. Marekani, kampuni ya Kickapoo iliyoanzishwa mwaka wa 1881 iliajiri Wahindi Wekundu wacheze mbele ya umati, ili dawa iliyotengenezwa na Wazungu ionekane imetoka msituni. Hata nyumba ya vidonge vya Beecham ilitoa vitabu vya nyimbo za kuimbwa nyumbani, vyenye matangazo ya dawa yake. Mwaka wa 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha uchunguzi wa dawa hizo za siri. Ndani ya vidonge vya Beecham walikuta shubiri, tangawizi na sabuni, na gharama ya viungo hivyo haikufika hata sehemu moja kwa mia ya bei ya kisanduku.

Basi umati uleule uliamini dawa ya msitu wa uongo, lakini watu wa msitu wa kweli waliposimama mbele yake, wanaojua mti upi unatuliza homa na upi unatia sumu mshale, ulitaka kuona kimo chao na miguu yao ikicheza. Kosa halikuwa la Waingereza peke yao. Septemba 1906 Ota Benga, mtu wa Kasai, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, mpaka wachungaji Weusi wa mji ule wakapaza sauti na akatolewa. Alijiua mwaka wa 1916.

Wale sita wa Ituri walipanda meli huko Hull, Novemba 1907, kurudi kwao. Ilipita miaka zaidi ya ishirini kabla padre Paul Schebesta hajaja, mwaka wa 1929, kukaa katika kambi za Wambuti na kuandika lugha na desturi zao. Naye pia hakuacha kupima miili. Na tangu miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliketi nao, wakaandika mimea yao kwa mamia, jina kwa jina na kazi kwa kazi, ya kula, ya kujengea, ya kutibu.

Mwaka wa 1905 kampuni ya santuri ya London iliwarekodi Wambuti wale wakiimba na kuzungumza. Sauti hizo bado zipo, zimehifadhiwa Ulaya. Wanaoweza kuzielewa wako huku kwetu, ng'ambo ya Komanda, kwenye njia ya Mambasa.