Shahidi Asiyekujua: Historia Fupi ya Muhuri wa Wakili Mkoani Mara

Katika mkoa wetu wa Mara, neno "muhuri" limemeza neno "shahidi". Kijana anayeomba ajira mjini Musoma husema anakwenda kugongewa muhuri kwa mwanasheria. Mfanyabiashara wa Bunda ambaye jina lake limeandikwa kwa namna mbili katika nyaraka zake huambiwa alete karatasi yenye muhuri. Mjane wa Butiama anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe huambiwa vivyo hivyo. Wote watatu wanamtafuta mtu ambaye sheria inamwita mthibitishaji wa umma na kamishna wa viapo, na wengi wao huamini kwamba wanachokilipia ni wino. Wanachokilipia ni ushahidi. Historia ya namna ushahidi huo ulivyotufikia ndiyo inayoeleza kwa nini tunauchukulia kirahisi.

Kabla ya karatasi, shahidi alikuwa mtu anayekujua. Ng'ombe wa mahari walihesabiwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mpaka wa shamba ulikuwa katika kumbukumbu ya jirani. Nguvu ya shahidi huyo ilitokana na mambo mawili: alikuwapo, na jamii ilimwamini. Udhaifu wake nao ulikuwa dhahiri. Akifa, kumbukumbu ilizikwa pamoja naye; na mbele ya wageni wasiomjua, neno lake halikuwa na uzito.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walileta sheria zao za ushahidi wa maandishi, lakini hawakumletea kila mtu. Tazama mfululizo wa miaka. Mwaka 1926 ilitungwa sheria ya mamlaka za wenyeji, iliyowapa machifu nafasi rasmi katika utawala. Mwaka 1928 ilitungwa sheria ya wathibitishaji wa umma na makamishna wa viapo. Mwaka 1929 ikafuata sheria ya mahakama za wenyeji, ambamo mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Kwa miaka hiyo mitatu zilijengwa nyumba mbili za ushahidi katika nchi moja. Huko Butiama, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyefariki mwaka 1942, alikuwa mmoja wa watawala waliosimamia nyumba ya baraza, ya wazee na ya neno la mdomo. Nyumba ya pili, ya karatasi, kiapo na muhuri, iliwafaa zaidi wafanyabiashara, makampuni na wageni wa mijini.

Mwana wa mtemi huyo anatupa mfano mzuri wa tatizo lililoachwa katikati ya nyumba hizo. Alizaliwa mwaka 1922 akaitwa Kambarage. Mwaka 1934 alianza shule Mwisenge, Musoma. Alibatizwa mwaka 1943 akapewa jina la Julius, na dunia ikamjua kwa jina la baba yake, Nyerere. Hayo yote yalitokea katika zama ambazo uandikishaji wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika. Mwalimu hakuhitaji karatasi ya kutushawishi kwamba Kambarage na Julius ni mtu mmoja. Historia ilimtolea ushahidi. Lakini wazee wengi wa rika la watoto wake wana jina la ukoo, jina la ubatizo na jina la shuleni, na hakuna anayewatolea ushahidi mbele ya benki au mfuko wa pensheni. Ndipo hati ya kiapo inapohitajika.

Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria, na sheria ya mahakama za mahakimu ya mwaka huohuo ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja. Sheria ya mwaka 1928 haikufutwa. Ndiyo Sura ya 12 ya sheria zetu za leo. Ukiisoma, utaona inajaribu kujibu swali gumu: shahidi asiyekujua ataaminikaje? Jibu lake ni masharti. Apewe cheti na Msajili wa Mahakama Kuu, na kwa kawaida awe wakili. Asiapishe katika shauri ambalo yeye ni wakili wa mmoja wa wahusika au ana maslahi nalo. Aandike jina lake, na aeleze kwa ukweli mahali na tarehe ambapo kiapo kimefanyika. Sharti hili la mwisho si urembo. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyaondosha maombi kadhaa kwa sababu sehemu ya uthibitisho wa kiapo ilikuwa na kasoro, na mwenye haki akalazimika kuanza upya.

Basi, unamhitaji lini? Unapoapa kwa maandishi kuhusu jambo unalolijua, kama vile tofauti ya majina. Unapompa mtu mwingine hati ya uwakilishi ili atende kwa niaba yako. Unapobadili jina rasmi. Unapotakiwa kuthibitisha kwamba nakala ya cheti inafanana na cheti halisi. Unapopeleka nyaraka nje ya nchi, ambako mara nyingi hupita pia Wizara ya Mambo ya Nje. Kwa kiapo, hata hakimu anaweza kukuapisha.

Ni muhimu vilevile kujua mahali ambapo muhuri huo hautoshi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, hati miliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji, na uhamishaji wake unahitaji idhini ya halmashauri hiyo. Mkataba wa kuuza shamba la kijijini uliopigwa muhuri mjini Musoma bila kijiji kuridhia ni mzigo kwa mnunuzi. Hapa sheria imemrudisha yule shahidi wa kale, jirani anayeujua mpaka.

Ninachokihofia ni mazoea. Nimeona nyaraka zikitumwa kwa bodaboda na kurudi zimethibitishwa, mwapaji akiwa hajaonana na aliyemwapisha. Anayefanya hivyo ameondoa kitu pekee ambacho muhuri unakithibitisha, yaani kwamba mtu fulani alisimama mbele yangu, siku fulani, mahali fulani, akasema haya. Katika eneo kama Nyatwali, wilayani Bunda, ambako wakazi wamehamishwa kupisha mapito ya wanyama kati ya Serengeti na Ziwa Victoria, mtu mmoja anayejitokeza kwa jina la mwingine anaweza kuondoka na fidia ya maisha yote ya familia. Kuapa uongo ni jinai, lakini hukumu ikija baadaye hairudishi nyumba.

Kwa hiyo, mwanafunzi, nenda mwenyewe na cheti chako halisi. Mtumishi wa umma, usidai muhuri pale ambapo sheria haiudai, maana kila karatasi isiyo ya lazima ni nauli ya mtu maskini. Nawe wakili mwenzetu, kumbuka kwamba umerithi kiti cha mzee wa baraza. Yeye alimjua kila aliyesimama mbele yake. Wewe humjui, na ndiyo maana sheria inakutaka angalau umwone.