Nani Alipima Maji ya Ziwa Victoria, na Alipima Nini?

Kumbukumbu za kina cha maji ya Ziwa Victoria zina umri mkubwa kuliko dola zote tatu zinazoligawana leo. Vipimo vilianza kuandikwa mwishoni mwa karne ya 19, na vimeendelea kupitia tawala za kikoloni, uhuru na mapinduzi. Kuhusu usafi wa maji hayohayo hatuna daftari la aina hiyo. Ukimya huo una historia yake, na historia hiyo ni ya kisiasa.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja. Mkataba wa mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri ulipiga marufuku kazi yoyote katika Nile na maziwa yake ambayo ingepunguza maji ya Misri bila ridhaa ya Cairo. Kwa hiyo Uingereza ilipotaka kujenga bwawa la umeme la Owen Falls, ililazimika kukubaliana na Misri mwaka 1949, na mhandisi wa Kimisri akawekwa Jinja kusimamia hesabu. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954. Maporomoko ya Ripon, ambayo yalikuwa kizingiti cha asili cha ziwa, yakatoweka, na mahali pake pakashikwa na kanuni: maji yanayoachiwa yawe sawa na yale ambayo yangepita yenyewe kwa kina kilichopo. Ziwa likijaa, yaachiwe mengi, likipungua, machache.

Kanuni hiyo ilikuwa na busara, lakini tuangalie ilimlinda nani. Aliyekuwa na mtu wake Jinja ni mkulima wa pamba wa Misri. Mvuvi wa Musoma au wa Kisumu hakuwa na wa kumsemea. Serikali ya Tanganyika ilikataa mwaka 1962 kufungwa na mkataba wa 1929, na ilikuwa na haki. Hata hivyo, kanuni ya Jinja iliendelea kutumika.

Iliyoivunja ni njaa ya umeme. Bwawa la pili, Kiira, lilianza kazi mwaka 2000 kando ya lile la kwanza. Ukame ulipoingia, maji yaliachiwa kupita kiwango cha makubaliano, na mwaka 2006 ziwa likashuka hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1923. Wanahaidrolojia waliochunguza walikadiria kwamba takriban nusu ya upungufu ilitokana na maji hayo ya ziada. Nusu nyingine ilikuwa ya mbingu. Walau mjadala uliwezekana, kwa kuwa kulikuwa na namba za kubishania.

Sasa tugeukie ubora. Tope la chini ya ziwa, likisomwa tabaka kwa tabaka, linaonyesha kwamba mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, misitu ilipofyekwa na mashamba kupanuka. Vipimo vya Talling vya 1960 na 1961, vilipolinganishwa na vya Hecky na wenzake miongo mitatu baadaye, vilionyesha maji yenye mwani mwingi zaidi na vilindi vinavyokosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi. Kati ya vipimo hivyo viwili, sangara alikuwa amepandikizwa, miji imekua, na magugumaji yalikuwa mbioni kufunga mialo. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na sehemu kubwa ya maji yanayoondoka huondoka kama mvuke. Fosforasi haigeuki mvuke. Kinachoshushwa na mito hubaki.

Ghuba ya Winam inaonyesha jinsi mambo haya mawili yasivyotengana. Katika miaka ya 1980 njia ya Mbita iliunganishwa na Rusinga kwa tuta, na mkondo mmoja kati ya ghuba na ziwa kuu ukazibwa, huku mto Nyando ukiendelea kuleta udongo na Kisumu majitaka. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya daraja kujengwa ili maji yapite tena. Kisha ukaja mwaka 2020: ziwa likapanda kufikia kiwango cha miaka ya 1960, likang'oa mafunjo ya kingo, na mwezi Aprili kisiwa kinachoelea kikaziba mitambo ya Jinja. Uganda nzima ikakosa umeme.

Itifaki ya bonde la ziwa ya mwaka 2003 inataja kina na ubora pamoja, na kamisheni yake iko Kisumu. Mkataba wa Entebbe ulipoanza kutumika Oktoba 2024, Kenya haikuwa miongoni mwa nchi sita zilizouridhia. Hakuna kati ya hati hizo inayoweka katika mdomo wa mto kile kilichowekwa Jinja mwaka 1954: namba ikifika hapa, fulani atende hivi. Nyando, Mara na Simiyu zinaweza kupimwa hivyo kesho asubuhi. Kagera ni mgumu zaidi, kwa sababu udongo wake hutoka Rwanda, Burundi, Tanzania na Uganda, na kabla ya kuandika namba yake nchi hizo nne zitalazimika kwanza kukubaliana tope ni la nani.