Ardhi Isiyo na Wenyewe

Napenda michezo ya kompyuta ya kujenga miji, na kwa kuwa nasoma historia hujiuliza fikra zilizomo zilitoka wapi. SimCity, iliyotolewa na kampuni ya Maxis mwaka 1989, ilibuniwa na Mmarekani Will Wright. Kabla yake alikuwa ametengeneza mchezo wa vita, Raid on Bungeling Bay (1984), ambamo helikopta hushambulia visiwa. Kuvichora visiwa hivyo kukamfurahisha kuliko kuvilipua. Akaanza kusoma mambo ya mipango miji, kikiwemo kitabu cha Jay Forrester wa MIT, Urban Dynamics, cha mwaka 1969.

Forrester aliugeuza mji kuwa hesabu: viwanda, nyumba, kodi, ajira. Hesabu hizo zilimpa jibu kwamba kuwajengea maskini nyumba za bei nafuu kungeudhoofisha mji, na wengi walimpinga vikali. Mchezaji wa SimCity naye haoni hesabu yoyote. Anaona tu kwamba akipandisha kodi watu wanahama, basi anaamini ndivyo miji ilivyo.

Kinachonisumbua zaidi ni ardhi yenyewe. Mchezo huanza na miti na maji tu. Hakuna shamba wala kaburi la babu. Kampala, ninakosoma, barabara mpya humkuta mwenye hati, na juu ya ardhi hiyo hiyo mwenye kibanja. Mgogoro huo una mizizi katika Mkataba wa Buganda wa 1900, uliogawa ardhi kwa maili za mraba. Jina la mailo lilitokana na hapo. Katika SimCity, kufyeka kipande cha msitu ni dola 1, na hakuna wa kulipwa fidia.