Shakwe Wasio na Kamati

Mwezi Agosti 1966, Paul Gore-Booth, afisa wa juu katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, aliandika dokezo fupi kuhusu visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Lengo, alisema, ni kupata miamba itakayobaki mali ya Uingereza. Hapatakuwa na wenyeji isipokuwa shakwe, ambao bado hawajapata kamati ya kuwasemea.

Ulikuwa mzaha wa ofisini. Hata hivyo, ndani yake zimefungwa historia mbili ambazo kwa kawaida husimuliwa mbalimbali: ya watu walioondolewa kwa amri, na ya ndege waliomalizwa na panya.

Tuanze na panya. Mwishoni mwa karne ya 18, Wafaransa kutoka Mauritius walianzisha mashamba ya minazi Chagos. Kazi ilifanywa na watumwa, wengi wao waliotolewa Msumbiji na Madagaska. Misitu ya asili ikafyekwa, minazi ikapandwa kwa mistari. Merikebu zilizoleta watumwa na kuondoka na mafuta ya nazi zilishusha pia abiria asiyeandikwa katika daftari lolote. Buabua na jamaa zao walikuwa wamezoea visiwa visivyo na mnyama wa kuwawinda, hivyo wengi walitaga chini, peupe, au kwenye vichaka vifupi. Panya walikula mayai, wakala na makinda. Kisiwa kimoja baada ya kingine kikanyamaza.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1835, lakini watu walibaki. Vizazi vikapita, wakawa na Krioli yao, makanisa yao na makaburi ya wazee wao. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius, miaka mitatu kabla Mauritius haijapata uhuru, ili Marekani ipate kituo cha kijeshi katika kisiwa cha Diego Garcia. Kati ya 1968 na 1973 Wachagosi wote, takriban 1,500 hadi 2,000, waliondolewa na kupelekwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa kwa gesi. Watu walihamishwa; panya walibaki.

Bila mtu kukusudia, historia hiyo iliacha kitu ambacho wanasayansi hukitafuta kwa shida: visiwa vyenye panya vikiwa jirani na visiwa ambavyo panya hawakuwahi kufika, bahari ikiwa ileile. Mwaka 2018 Nick Graham wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha visiwa 12, nusu vikiwa na panya na nusu bila. Pasipo panya, wingi wa ndege ulikuwa mara 760 zaidi, na naitrojeni iliyoingia kisiwani mara 251 zaidi.

Siri yake ni kinyesi. Ndege hawa huruka mbali hadi bahari kuu kula samaki na ngisi, kisha hurudi kulala na kulea makinda kisiwani. Wanachokiacha ardhini huoshwa na mvua na mawimbi hadi kwenye matumbawe. Miani hunawiri na samaki hushiba: uzito wa samaki wote kwa eneo ulikuwa karibu asilimia 48 zaidi kando ya visiwa visivyo na panya. Miongoni mwao ni pono, anayekwangua mwamba na kuacha nafasi safi ambapo tumbawe changa linaweza kushika. Kumbe panya aliye juu ya mnazi hula pia chakula cha pono aliye chini ya maji.

Kisha likaja joto. Mwaka 2015 na 2016 matumbawe ya Chagos yalipauka na mengi yakafa, penye ndege na pasipo ndege. Kinyesi hakipozi bahari. Tofauti ilionekana baadaye, katika kupona. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kuwa matumbawe yaliyo karibu na ndege huhitaji takriban miaka mitatu na miezi minane kurudi katika hali yake, na yaliyo mbali nao miaka minne na nusu. Miezi kumi ni michache mtu akiihesabu kwenye kalenda. Lakini mawimbi ya joto sasa yanakuja kwa kufuatana, na huenda miezi hiyo ndiyo itakayoamua kama mwamba unapona kabla ya pigo lingine.

Mwaka 2010 shakwe walipata kamati. Uingereza ilitangaza hifadhi ya bahari ya takriban kilomita za mraba 640,000. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovujishwa baadaye mwaka huo zilionyesha afisa wa Uingereza akiwaeleza Wamarekani kwamba hifadhi ingewazibia Wachagosi njia ya kurudi. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi iliamua kuwa Uingereza, kwa namna ilivyoitangaza, ilikiuka wajibu wake kwa Mauritius.

Hapa ndipo ndege walipotumiwa mara ya pili. Mwaka 1966 walikuwa kisingizio cha kusema visiwa havina watu. Mwaka 2010 wakawa kisingizio cha kuviacha hivyo. Lakini hifadhi iliyochorwa kwenye ramani haimwondoi panya hata mmoja. Kinachomwondoa ni watu wanaotembea kisiwani wakitega sumu hatua kwa hatua, kama ilivyofanyika mwaka 2014 katika kisiwa cha Île Vache Marine. Baada yake lazima wawepo wa kukagua kila chombo kinachotia nanga, na wa kurudisha miti ya asili palipojaa minazi.

Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilisaini mkataba unaoiruhusu Mauritius kupanga makazi mapya katika visiwa vingine, Diego Garcia ikiachwa nje. Wapo wanaohofia kwamba watu wakirudi ndege wataangamia, na hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana panya walifika pamoja na watu. Ila mababu wa Wachagosi hawakuchagua merikebu, wala shehena, wala zao la kupandwa. Wajukuu wao hawajawahi kupewa nafasi ya kuchagua lolote kuhusu visiwa hivyo. Kamati ya shakwe ingeanza vizuri kwa kuwapa viti.