Nani anamchagulia mtoto kitabu?

Mwaka 2014 ulileta mambo mawili yanayowahusu watoto wa Goma. Mwezi wa pili, sheria mpya ya elimu ya DRC ilizitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kuwa lugha za kufundishia. Mwaka huohuo shirika la Saide la Afrika Kusini lilifungua African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto zisizolipiwa.

Anayengoja katoni za msaada hachagui; anapokea kilichofika. Kwenye tovuti hii, mwalimu anayetunza vitabu vya shule anachagua lugha, kisha kiwango: kuanzia maneno machache kwa kila ukurasa hadi aya ndefu. Hadithi ikimfaa, anaipakua na kuichapisha kwenye karatasi. Isipokuwepo katika lugha ya wanafunzi wake, anaruhusiwa kuitafsiri.

Lakini tovuti haijui ni nani aliyekimbia Masisi au Rutshuru usiku. Hadithi ya nyumba inayoungua ni mchezo kwa mtoto mmoja, ni kidonda kwa mwenzake. Hapo kiwango hakisaidii. Mwalimu aisome kwanza yeye mwenyewe, ndipo aamue.