Jeraha Lililogeuzwa Mlango wa Damu

Mwaka 1757 daktari wa London, William Hunter, alieleza ugonjwa ambao waganga wa zama zake waliusababisha wenyewe. Enzi hizo tiba ya karibu kila maradhi ilikuwa kumchanja mgonjwa kwenye kiwiko na kumtoa damu. Kisu kikipenya vena na kuzama hadi kwenye ateri iliyo chini yake, mishipa hiyo miwili huweza kupona ikiwa imeungana; muungano huo huitwa fistula. Basi sehemu ya damu inayotoka moyoni kwa nguvu haifiki tena vidoleni; inakatiza na kurudi kupitia vena, nayo vena inavimba na kutetemeka. Hunter aliiona kuwa ajali. Ilichukua karne mbili kabla ya mtu kuitamani ajali hiyo.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, kuanzia Bunagana hadi Goma, neno fistula huwakumbusha watu akina mama walioumia wakati wa kujifungua au kwa ukatili wa vita, wanaotibiwa katika hospitali ya HEAL Africa, au ile ya Panzi iliyoanzishwa na Dkt. Mukwege. Ile daktari huiziba. Hii ya mkononi daktari huifungua, na mgonjwa wa figo huomba isizibe.

Mashine ya kusafisha damu badala ya figo ilitangulia kupatikana, mlango wa kuifikishia damu ukakosekana. Mwaka 1943, katika mji wa Kampen, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, daktari Willem Kolff alizungusha damu ya wagonjwa kwenye pipa la mbao lililoviringishiwa utando wa kufungia soseji. Mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke wa miaka 29, alisafishwa mara 12. Kila mara ilibidi mshipa mwingine ukatwe, hadi ikakosekana ya kukata, naye akafa. Mashine ilikuwa bado inafanya kazi. Mtu wa kwanza kuokolewa na Kolff alipatikana mwaka 1945.

Machi 1960, huko Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alimwekea fundi mitambo Clyde Shields mirija ya Teflon: mmoja kwenye ateri, mwingine kwenye vena, ikiunganishwa nje ya ngozi. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Kwa mara ya kwanza figo zilizokufa hazikumaanisha kifo cha mwenyewe. Lakini mirija ile iligandisha damu, ikaoza kwa vijidudu, na ikichomoka usingizini mtu aliweza kuvuja damu hadi kufa. Mashine nazo zilikuwa chache mno, hata ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuamua nani apewe nafasi.

Jibu lilitoka hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, New York. Daktari James Cimino, aliyewahi kufanya kazi ya kutoa watu damu alipokuwa mwanafunzi, alijua vilivyo tabia za vena. Alijua pia kwamba wapo askari waliorudi kutoka vita vya Korea wakiwa na ateri na vena zilizounganishwa na risasi au vipande vya bomu, na waliishi nazo miaka. Akiwa na Michael Brescia, alimwomba daktari mpasuaji Kenneth Appell afanye kwa makusudi kile vita vilichofanya kwa bahati mbaya. Upasuaji wa kwanza ulifanyika Februari 1965. Mwaka uliofuata habari yake ikachapishwa katika New England Journal of Medicine. Kwa jimbo lenye majeruhi wa risasi wengi kama Kivu Kaskazini, ambako Msalaba Mwekundu umekuwa ukiwapasua katika hospitali ya CBCA Ndosho, Goma, asili hiyo haishangazi hata kidogo.

Mshipa uliounganishwa hivyo huhitaji wiki sita au zaidi kukomaa. Mashine hutaka kiasi cha mililita 300 za damu kila dakika, kwa saa nne, mara tatu kwa wiki. Vena ya kawaida haiwezi kabisa. Fistula iliyokomaa hupitisha mililita 600 na kuendelea, na ukiigusa inatetemeka kama simu mfukoni. Mtetemo ukitoweka, damu imeganda, na saa zilizobaki za kuiokoa ni chache.

Fistula nyingine hazikomai kamwe. Mwenye kisukari ateri zake zimekakamaa. Mzee vivyo hivyo. Wanawake wengi wana mishipa myembamba. Shinikizo la damu likishuka sana baada ya kusafishwa, mshipa huganda. Sindano ikichomwa palepale kila mara, ukuta hutanuka na kuwa uvimbe. Damu ikikimbilia venani kupita kiasi, vidole hupoa na kuuma, na moyo huchoka.

Hatari ninayoiona kubwa kwetu, hata hivyo, huanza kabla ya upasuaji. Mgonjwa wa malaria anawekewa serumu, yaani dripu, kwenye mkono uleule mwaka baada ya mwaka, katikati ya kigasha, hadi vena zinakakamaa. Kisha figo zinaposhindwa anafika hospitali amechelewa, damu imejaa sumu, na hakuna wiki sita za kungoja. Anawekewa mrija shingoni au chini ya mtulinga. Mrija huo wa chini ya mtulinga huweza kuziba vena kubwa ya upande ule, na hivyo kuuharibu mkono ambao ungewekewa fistula.

Juu ya hayo kuna vita. Bunagana ilitekwa na waasi wa M23 Julai 2012, ikarudi mikononi mwa serikali Oktoba 2013, ikatekwa tena Juni 2022. Goma ilipoangukia kundi hilo Januari 2025, umeme na maji vilikatika, na kipindi kimoja cha kusafisha damu hutumia lita 120 za maji safi kwa uchache. Ukigeukia Uganda, Kisoro iko karibu. Mbarara, kwenye mashine za kusafisha damu, ni zaidi ya kilomita 200. Kwa safari ya namna hiyo, mwenye mrija anabeba shingoni jeraha lililo wazi kwenye vumbi. Mwenye fistula anabeba mkono wake tu; popote atakapoikuta mashine, atachomwa sindano mbili.