Gari la Umeme na Milima ya Kasulu



Magari ya umeme yameanza kuonekana nchini, na mazungumzo juu yake yamefika hata Kibondo na Kasulu. Mtumishi anayekaribia kustaafu anapiga hesabu ya kiinua mgongo chake: je, anunue gari la petroli kama walivyofanya wenzake, au achukue hili lisilopita kituo cha mafuta? Kijana aliyeko Dar es Salaam anataka kumpelekea baba yake gari huko mkoani Kigoma, mwisho wa reli, naye anajiuliza vivyo hivyo. Si swali dogo. Kiinua mgongo hakiji mara mbili.

Kabla ya kulijibu hebu turudi nyuma kidogo, maana gari la umeme si mtoto wa jana. Gari la kwanza duniani kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme. Liliendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy karibu na Paris mwaka 1899. Mwaka uliofuata, magari ya umeme yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa mengi kuliko ya petroli. Hayakunuka, hayakupiga kelele, wala hayakuhitaji mtu wa kuzungusha hendeli mpaka mkono uteguke.

Basi kwa nini yalishindwa? Sababu ziko kadhaa. Mafuta mengi yalipatikana Texas mwaka 1901, Henry Ford akatoa gari lake la bei nafuu mwaka 1908, na mwaka 1912 ikaja mota ndogo ya kuwashia injini, hendeli ikatupwa. Lakini iko sababu nyingine ambayo sisi wa huku tunapaswa kuisikiliza kwa makini zaidi. Waya za umeme zilikuwa mijini tu. Mkulima wa Marekani alikuwa gizani, na gari la umeme lilipofika mwisho wa mji lilikuwa limefika mwisho wa dunia yake. Petroli, kwa upande wake, iliweza kutiwa kwenye debe ikafuata gari popote.

Ushahidi wa jambo hilo tunao hapa hapa nchini. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akitaka kulivuka bara zima. Alifika Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Hapakuwa na kituo cha mafuta hata kimoja njiani. Petroli yake ilibidi itangulizwe mbele na kuwekwa akiba sehemu kwa sehemu. Kwa hiyo, mtu anayesema leo kwamba gari la umeme halifai kwa kuwa hakuna vituo vya kulichaji, akumbuke kuwa gari la petroli nalo liliingia nchi hii bila kituo. Jambo la kuuliza ni hili: chakula chake kitafika vipi, na nani amekishika mkononi?

Kwa watu wa Buha, chakula cha gari kimekuwa kikitoka mbali siku zote. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, safari ya kilomita 1,250 hivi kutoka pwani, na Kasulu na Kibondo zilibaki pembeni ya reli, juu milimani. Kila lita ya petroli au dizeli iliyopanda huko ilikuwa imeshalipiwa safari ndefu kabla haijaingia kwenye tangi. Wenye umri wanakumbuka miaka ya vita vya Kagera na ile iliyofuata, magari binafsi yalipozuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kama Dar es Salaam ilikuwa hivyo, fikiria Kibondo. Na wasiokumbuka hayo watazame ng'ambo ya mpaka wa Manyovu. Jirani zetu wa Burundi wamekuwa wakipanga foleni za mafuta kwa miaka ya karibuni, na mwaka 2024 hali ilikuwa mbaya sana.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe. Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma haukuwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya TANESCO yaliyokunywa dizeli, na dizeli hiyo ilipanda mlima kwa malori. Ukichaji gari la umeme Kasulu wakati huo, ungekuwa na gari la dizeli lililovalishwa kanzu. Moshi ungetoka kwenye jenereta badala ya kutoka nyuma ya gari, na hasara ungekuwa umeiongeza njiani. Hali hiyo ilibadilika Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua umeme wa gridi mkoani humo, na majenereta yakapumzika. Waya zilitoka Nyakanazi, zikapita Kakonko na Kibondo hadi Kasulu. Mwaka 2024 mashine za Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, zikaanza kuzalisha, na mgao wa umeme uliotusumbua mwishoni mwa 2023 ukakoma. Kwa mara ya kwanza, basi, swali la gari la umeme lina maana Kasulu.

Tupige hesabu. Gari dogo la petroli, kwa milima ile, litakula kama lita tisa kwa kilomita 100. Bei ya lita katika wilaya hizo imekuwa ikizunguka shilingi 3,000 na zaidi, hivyo ni shilingi 27,000 au kupita. Gari dogo la umeme litakula kama uniti 20 kwa safari hiyo hiyo. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, shilingi 292 ambazo pamoja na kodi na tozo zinafika kama 356, ni shilingi 7,100 hivi. Tofauti ni kubwa na hakuna haja ya kuificha. Hakuna oili ya injini ya kumwaga, hakuna plagi, hakuna gasketi ya kuungua. Breki nazo hudumu zaidi.

Hata hivyo, liko jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mwananchi wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipia uniti kwa shilingi 100 kabla ya tozo. Akichomeka gari kwenye LUKU ya nyumbani, kilomita 400 tu kwa mwezi zitakula uniti 80 peke yake. Atatoka kwenye bei ya chini, na hata taa ya jikoni na redio hii unayoisikiliza itaanza kulipiwa kwa bei ya juu. Hilo lazima liingie kwenye hesabu.

Kisha kuna betri, na hapa ndipo fedha ya watu inapopotea. Magari mengi ya umeme yatakayomfikia mtu wa kipato cha kati yatakuwa mitumba kutoka Japani. Tuchukue Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010. Zile za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, na zikiwa mpya zilikwenda kama kilomita 117 kwa kipimo cha Marekani. Betri yake haina mfumo wa kuipoza, na joto huizeesha. Ikibakiwa na theluthi mbili ya nguvu zake, una gari la kilomita 75 au 80.

Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni kama kilomita 90. Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni zaidi ya 100. Unaona tatizo? Tena milima ile ina hesabu yake. Kasulu iko juu ya Kigoma kwa zaidi ya mita 500. Kwenda Kigoma ni kuteremka, na gari la umeme likiteremka hurudisha umeme kwenye betri, jambo ambalo gari la petroli haliwezi. Unaweza kufika ziwani ukajisifu. Kurudi ndiko kwenye kazi: kulipandisha gari hilo na abiria wake kimo hicho kunahitaji kama uniti mbili na nusu zaidi ya zile za safari yenyewe. Gari lililochoka litakuacha njiani jioni, na huwezi kumtuma kijana wa bodaboda akuletee umeme kwenye kidumu.

Barabara, tushukuru, si ile ya zamani. Ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, imejengwa kwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na lami hupunguza ulaji wa umeme kama inavyopunguza ulaji wa petroli. Lakini ukitoka kwenye lami kuingia vijijini, mvua zinapoanza Novemba, tope ni lile lile walilolijua babu zetu, na gari la chini la mjini litalala humo liwe la umeme au la mafuta.

Mimi naona kwamba kwa Kasulu na Kibondo umeme utaingia barabarani kwa magurudumu mawili na matatu kabla ya manne. Bodaboda hazunguki mbali. Anakwenda sokoni, hospitali, stendi, anarudi. Kilomita zake kwa siku ni nyingi lakini ziko karibu na nyumbani, na mtu wa kilomita nyingi ndiye anayefaidi bei ndogo ya umeme. Kigali, ambayo kwa mtu wa Kibondo ni karibu kuliko Dar es Salaam, ina pikipiki za umeme tangu 2019, na dereva habaki akisubiri chaji. Anabadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa, kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi. Mpango wa namna hiyo ukifika stendi ya Kasulu, vijana hawatahitaji kuhubiriwa.

Mwenye kiinua mgongo je? Kama ana duka Kasulu, anaishi Kasulu, na safari zake ni za mjini, gari la umeme lenye betri nzima linaweza kumfaa, mradi nyaya za nyumba zikaguliwe na fundi kwanza, maana litavuta umeme usiku kucha. Kama kila mwezi anakwenda Kigoma au Kahama kufuata mzigo, abaki na petroli kwa sasa, au asubiri betri kubwa zishuke bei. Na ajue kwamba Kibondo na Kasulu ziliunganishwa kwa laini ndefu ya kilovolti 33, ambayo mti mmoja ukiiangukia, wilaya nzima inalala gizani pamoja na gari lake.

Mkoa wenyewe una maji ya kuzalisha umeme. Maporomoko ya Igamba kwenye mto Malagarasi yalikuwa kwenye mpango wa msaada wa Marekani wa mwaka 2008, lakini ikaonekana mradi ungehatarisha viumbe adimu wa mto huo, na fedha zikahamishiwa kwenye umeme wa jua. Mradi mwingine wa Malagarasi, wa megawati 49.5, ulipata mkopo mwaka 2020. Umeme huo ukiwaka, Buha itakuwa na chakula cha gari kinachozalishwa nyumbani, jambo ambalo halijapata kutokea tangu gari la kwanza lilipopanda milima ile.

Kwa leo, anayekwenda kukagua gari la umeme la mtumba aanze na kipimo cha afya ya betri. Kwenye Leaf ni vijiti 12 pembeni mwa kioo cha dereva, na vikiwa vimebaki vinane bei nayo ishuke sana. Muuzaji akikataa kuliwasha ili uvihesabu, mwachie gari lake.